Sindano ya Kwanza Tulilichoma Bibo

Sindano ya kwanza tulilichoma bibo.
Newala, mwezi wa kumi, korosho zinaanguka,
na bomba lilikuwa moja, la kioo,
tukilichemsha kwenye sufuria ya chai.
Tulikuwa sita, benchi mbili,
na ubao uliopasuka katikati
hata moyo wa binadamu tukauchora upande huu
na mishipa yake ng'ambo ya ufa.
Sista Hilaria akasema: "Taratibu.
Bibo halilii, lakini linavuja.
Likivuja sana, umeua."

Tukaua kapu zima.

Maji yake yakaruka kwenye gauni jeupe,
na kila mwenyeji wa huku anajua doa la bibo:
halisikii sabuni, halisikii jua, halisikii dua.
Gauni lile ninalo bado.
Nilizalisha nalo zahanati ya Kitangari
miaka ambayo maji yalipanda kutoka bondeni kichwani mwa mtu,
na ndoo moja iligawanywa:
nusu ya mama, nusu ya mtoto, mikono yangu ikangoja.

Kisha wakanirudisha kufundisha.
Rejista ninayo, someni wenyewe:
sita. Tisa. Kumi na mmoja, mmoja akaolewa.
Thelathini na wanne.
Mwaka korosho zilipopata bei, themanini na wawili,
wengine wakaandika wamesimama, daftari mgongoni mwa mwenzake.
Ada ililetwa mnada ukishalipa, si kabla,
nami nikajifunza kutomfukuza mtu mwezi wa kumi na moja.

Tukaletewa mwanasesere wa kujifunzia, mkono mmoja hana.
Wakamwita Bi Mkubwa.
Amejifungua mara elfu na ushei, maskini,
hana hata mjukuu mmoja.

Usiku, bwenini, walikariri mifupa kwa Kiingereza,
mfupa baada ya mfupa, kama watu wanaohesabu deni.
Asubuhi wodini kikongwe anaeleza kwa Kimakonde
maumivu yanakokaa, na mtihani haukuuliza huko.
Somoe Nalinga peke yake akavuta kigoda,
akaketi, akasikiliza mpaka mwisho,
kisha akaandika kwenye faili mstari mmoja.
Nilimpa alama zote. Mkaguzi alizipunguza.

Msidhani nasifu tu.
Mfaume, wa kwanza darasani, cheti kimepigwa plastiki,
mwaka wa tatu huu anapima watu presha guliani
kwa shilingi mia tano, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu.
Wanasema wauguzi hawatoshi.
Wanasema pia subirini ajira.
Sentensi hizi mbili nimezilaza kitanda kimoja
nione ipi itaamka kwanza.

Juzi nililazwa mimi.
Malaria, na umri, na ukaidi wa kutokula.
Wodi ya wanawake, vitanda arobaini, zamu ya usiku:
Somoe, na tochi ya simu kinywani, umeme umekatika.
Akanifunga mpira mkononi, akapapasa.
Mishipa yangu imezeeka, inakimbia kama kuku wa mgeni.
Akachoma. Akakosa.
Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: pembe, mwanangu, pembe, laza sindano—
nikaufunga.
"Samahani, Mwalimu," akasema na tochi ile ile,
ikatoka kama mtu anayeongea na ugali moto.
Nikacheka. Mkono ukalegea.
Hapo hapo akaingia.

Nilitazama shuka.
Tone moja.

Nilitaka kumwambia habari ya kapu lile,
ya Sista, ya sufuria ya chai,
lakini kitanda cha kumi na saba kiliita
na nikasikia kandambili zake zinakwenda gizani,
haraka, bila kukimbia, kama nilivyowafundisha,
nami nikabaki nahesabu matone ya dripu,
saa ya ukutani imesimama,
nikatumia mapigo yangu mwenyewe.